Gari Lililooga Kwanza

Kila asubuhi, gari jeusi la Daktari Absalom lilikutwa limepiga goti moja. Kona ya nyuma kushoto ilikuwa imezama hadi bodi ikakaribia kuramba tairi, ilhali kona nyingine tatu zimesimama wima, kama mtu aliyeanza kupiga magoti kanisani kisha akakumbuka kwamba suruali ni mpya. Likiwashwa, pampu ilinguruma, mfuko wa mpira unaobeba kona ile ukajaa hewa, na gari likainuka bila haya.

Ajabu ni kwamba lilipolala gerejini, mtaani Kondele mjini Kisumu, halikuzama hata unene wa ukucha.

Huzaifa, fundi wa gereji hiyo, alikuwa amelitibu mara mbili: kwanza vali, kisha bomba la hewa. Mara zote mbili aliapa limepona. Alikuwa kijana ambaye ulimi wake ulifika kazini kabla ya mikono. Sasa gari lilikuwa limerudi, na Rehma, mwenye gereji, hakucheka.

"Hii ndiyo ya tatu," alisema. "Ikizama tena, unarudi pale nje kuziba pancha za bodaboda. Na hiyo mdomo yako haizibi pancha."

"Lakini Mama Rehma, ina upepo wa kutosha kujaza..."

"Huzaifa."

Akaenda kuchukua sabuni.

Alilipandisha gari kwenye jeki, magurudumu yakaning'inia, akapaka povu la sabuni kila kiungo. Penye tundu, povu hufura. Halikufura popote. Akalishusha, akapima kwa uzi kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi, akatia alama ya chaki. Kulipokucha, uzi ulikuwa sawasawa. Gari lilimtazama kwa taa zake safi kama mtoto anayekana kulamba sukari.

Hapo jambo lile likamkaa rohoni. Jana aliogopa kurudishwa kwenye pancha. Leo alitaka tu kujua. Ni baridi ya Maseno, anakoishi Daktari, inayoukakamaza mpira? Ni mteremko wa ua wake? Gari hili lilikuwa na siri gani ya kuiambia Maseno na kuinyima Kondele?

"Ichukue, Daktari," alimwambia mwenye gari alipolifuata. "Lakini kesho asubuhi nitakuja kuiangalia ikiwa kwako."

Daktari Absalom alisita kidogo. "Kuja tu," akasema.

Kesho yake, saa moja asubuhi, gari lilikuwa limepiga goti uani. Huzaifa alinyoosha uzi wake: vidole vinne chini ya alama. Alilizunguka, akainama, akanusa, mwishowe akafungua buti. Ndani mlikuwa na magunia mawili ya mtama, masufuria, na jiwe kubwa la kusagia lililofunikwa leso.

"Hizi zilikuwa wapi nilipokuwa nikipima?"

Daktari alikohoa. "Huwa nazitoa. Mtu hawezi kupeleka gari kwa fundi na mizigo na vumbi. Nalipitisha kwanza kule ziwani, vijana wanaliosha."

Huzaifa alicheka hadi akashika kiuno. "Daktari! Umemwogesha mgonjwa, umempaka mafuta, umemvua homa mlangoni, halafu unauliza mbona fundi haoni homa!"

Daktari alitabasamu nusu. "Ni vitu vya mama," akasema. Mama yake, Akello, aliletwa hapo alipovunjika mguu. Mguu ulipopona alifunga mizigo ya kurudi kwake Bondo, akaapa kwamba jiwe lake halitateremshwa ila nyumbani. Daktari alilitoa na kulirudisha kwa kujiiba. Na kila Jumamosi iliyotajwa kuwa ya safari, gari lilikutwa limepiga goti, safari ikaahirishwa.

Huzaifa aliomba gari liwashwe liinuke, kisha lizimwe. Safari hii hakugusa jeki. Aliuacha mzigo mahali pake, akalala ubavu, akapenyeza kioo kilichofungwa kwenye waya nyuma ya gurudumu, akanyunyiza povu. Akabana pumzi. Pale mpira unapojikunja chini ya uzito, ufa mwembamba kama unywele ulifunguka. Povu likafura taratibu, likapasuka. Likafura tena.

"Nimekupata," alinong'ona.

Daktari alichuchumaa kando yake, akatazama kiooni kwa muda mrefu. "Ni hako tu?"

"Ni hako tu. Gari likining'inia, ufa unajifunga. Mzigo ndio unaoufungua. Kuna mpira mpya Kisumu. Jioni nimeshamaliza."

Daktari alitupa jicho mlangoni. Kwenye kizingiti cha dirisha palikuwa na vikombe viwili vya chai, kimoja bado kikifuka mvuke.

"Lazima ujue leo?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Huzaifa alidhani ni utani, akawa na jibu tayari. Kisha akauona uso wake.

Mlango ukafunguka. Mama Akello akatoka, mkono kwenye bakora, kitambaa kimefungwa kichwani kwa namna ya msafiri.

"Nyathina," alimwita Huzaifa kana kwamba ni mwanawe, "hii gari itanifikisha Bondo, ama bado ni mgonjwa?"

Mizaha ilimjaa kinywani, mitano kwa mpigo. Hakuutoa hata mmoja. Daktari alikuwa akitazama mikono yake mwenyewe.

"Itakufikisha, Mama," akasema Huzaifa. "Kesho."

"Umesikia?" bibi akamwuliza mwanawe.

"Nimesikia, Mama."

Daktari Absalom akasimama, akaenda kwenye buti. Huzaifa alidhani analiteremsha jiwe. Lakini alivuta tu leso iliyokuwa imeteleza, akalifunika, akazichomeka pindo zake chini, taratibu, upande huu na upande ule.

Huzaifa, kioo kikiwa bado mkononi, aliisikia kwa mara ya kwanza: sauti nyembamba ya hewa ikitoka.