Beseni la Namba Tisa

Mwaka juzi mpimaji wa mbegu alipitiwa: mpunga namba tisa aliupanda ukiwa umelowekwa, aina nyingine zote akazipanda kavu. Namba tisa ikaota yote, bosi wake akapongezwa, na mpimaji akafyata ulimi. Tangu hapo, kila jaribio imembidi ailoweke kwa siri, maana ikipandwa kavu haioti hata nusu.

Leo alikuwa amejifungia stoo, kainamia beseni lake, simu ikaita. Ni kaka yake, mkulima.

"Mdogo wangu, hiyo namba tisa yenu nimeipanda shamba zima, kavu kavu, kama mlivyotuelekeza. Leo siku ya kumi na mbili, naona udongo tu. Huwa inachelewa?"

Mkono wake mmoja ulikuwa bado majini.

"Inachelewa kidogo, kaka," alisema. "Vuta subira."