Sauti Ndani ya Mvuke

Kesho yake Dagfinnur alikuwa anahamia Kopenhagen, na mimi, mpenzi wake, nilikuwa bado sijamwambia neno lenyewe: baki. Nilichojua ni kutania. Nilimwambia tu asinenepe kwa nyama ya nguruwe ya Wadenmaki.

Ndiyo maana nikampeleka kwenye bwawa la maji moto chini ya mlima. Huko kwetu mambo mazito husemewa majini. Hamtazamani, unaegemeza kichwa kwenye jiwe, unafumba macho, unaongea. Ila kwanza lazima ujisugue kwa sabuni kibandani, na Daggi, kama nilivyozoea kumwita Dagfinnur, akioga utadhani anaandaliwa kuzikwa. Nikatangulia majini.

Ilikuwa alasiri ya majira ya baridi, ambayo kwetu giza huingia mapema, na mvuke ulikuwa mzito. Nikafumba macho, nikasikia mtu akishuka majini na kukaa ng'ambo.

"Umebakiza sabuni, au umeimaliza ya wilaya nzima?"

Kimya. Nikaona basi, leo ndiyo leo.

"Daggi, usiende. Sitaweza bila wewe. Haya, nimesema. Cheka."

"Sicheki," akajibu. Sauti yake kabisa. "Siendi."

Moyo ukatulia, kisha ukastuka. Daggi hajawahi kuuacha utani wangu upite bure.

"Na kazi yako mpya je?"

"Siendi."

"Na mama yako, nani atamwambia?"

"Siendi."

Mguu ukagusa wangu chini ya maji. Ulikuwa wa baridi. Katika maji yale, ambayo hukubabua mpaka uwe mwekundu.

Mlango wa kibanda ukabamizwa. "Wee Ormar! Umenifichia taulo tena, mshenzi wewe?"

Nikafumbua macho. Mvuke, na ndani yake mabega ya mtu.

"Usimjibu," sauti ile ile ikanong'ona. "Yule anaondoka. Mimi nabaki."

"Daggi!" nikapiga ukelele. "Njoo unitoe! Nakuomba, usiniache, nakupenda!"

Nyayo zilizokuwa zikija juu ya theluji zikasimama.

"Nani huyo?"

"Mimi! Ormar!"

"Ormar hajaniomba kitu maisha yake yote." Akarudi nyuma hatua moja. "Umemfanya nini?"

Nikatafuta utani, wowote ule, anitambue. Ulimi ukagoma.

Nikamsikia akikimbia, mlango wa gari, injini. Kisha mkono wa baridi ukanishika kifundo cha mguu, kwa upole, kama wa mtu asiye na safari yoyote.