Sekunde za Mwahija

Jirani yangu Romana aliwahi kuniuliza, "Bi Batuli, mume kishazikwa, wewe na Mwahija mnagombania nini tena?"

Mimi nilikuwa mke mkubwa, Mwahija mdogo. Eda tulikaa pamoja, na hadi leo nikisikia anasifiwa, moyo unaniwaka. Astaghfirullah.

Mwaka huu kikundi chetu cha nazi hapa Mchinga kilitafuta mfuaji mmoja wa kwenda kwenye maonyesho Dar es Salaam. Nazi kumi, kila mtu na kifuo chake, ule mti wa ncha wa kuambulia makumbi, mizunguko miwili. Mwenye jumla ndogo ndiye anakwenda. Nilitaka sana kwenda kule, Dar, hata kwenye sala niliomba. Mzunguko wa kwanza nilimaliza kwa sekunde 59. Wa pili nazi iliniteleza, nikatumia dakika moja na sekunde nane. Mwahija dakika moja na sekunde moja, kisha dakika moja na sekunde moja na nusu. Hatetereki, mwanamke yule.

Jenipher, katibu wetu, aligeuza muda wote kuwa sekunde zenye desimali kwenye jedwali la kompyuta, apate kujumlisha.

"Bi Batuli, 167.0. Mwahija, 202.5. Bi Batuli anakwenda!"

Vigelegele. Romana akanipiga bega. "Leo umemfua na yeye!"

Nikamtazama Mwahija. Anapiga vigelegele kuliko wote.

Furaha ile ikanikera. Nikasogea kwenye kioo cha kompyuta. 1:08.0 yangu imeandikwa 108.0. Zake, 101.0 na 101.5. Mimi ni wa darasa la saba tu, lakini hilo nililijua tangu la tatu.

"Jenipher mwanangu, dakika yako ina sekunde mia?"

Akashika mdomo. "Mama yangu! Nilifuta zile nukta mbili tu!"

Akarekebisha: dakika mara sitini, jumlisha sekunde. Mimi 127.0. Mwahija 122.5.

Mwahija akanisogelea, akanong'ona. "Bi Mkubwa, mbona umesema? Mimi niliona mapema, nikanyamaza. Nilitaka uende wewe. Marehemu alikuwa akiniambia, 'Batuli wangu hajawahi kuiona Dar, siku moja nitampeleka.'"

Batuli wangu. Miaka ishirini na sita nimekaa na mume yule, neno hilo akaenda kulisemea chumba cha mke mwenzangu.

Nikang'oa kifuo changu, nikajitanda kanga, nikatoka.