Miguu ya Babu

"Wewe unashika miguu, mimi nashika kichwa. Sasa kipya ni nini?"

"Kipya ni hilo bango."

"Bango sikulichapa mimi."

"Ila umesimama mlangoni unalitazama kama uko kwenye kioo cha kinyozi. Nimekuona."

"Nilikuwa naangalia saa ya kuanza."

"Binamu, tumefanya mazoezi mwezi mzima. Leo ndiyo umesahau saa ya kuanza?"

Akacheka. Mimi sikucheka. Tulikuwa chumba cha nyuma ya ukumbi, Jumamosi saa nane mchana, na katikati yetu, juu ya meza, amelala Babu. Babu ni kikaragosi. Kimo chake ni kama mtoto wa miaka saba, ana kipara na koti la kijivu. Nimemtengeneza mimi. Kichwa nimekijenga kwa magazeti na gundi, miguu nimeichonga kwa mbao nyepesi, na magoti nimeyaunga kwa ngozi ya mkoba wa zamani wa shangazi, ndiyo maana yanapinda bila kelele.

Sasa kwenye bango lililobandikwa mji mzima, Babu ameishia kiunoni. Pembeni yake uso wa binamu, meno yote nje. Miguu wameikata, na mimi ninayeishika nimekatwa nayo.

Wikiendi hiyo mji ulichangamka. Asubuhi kulikuwa na mbio za hisani, watu wazima wana namba vifuani wanahema kama pampu mbovu. Kulikuwa na maonyesho ya picha, kulikuwa na kwaya tatu, na saa tisa zamu yetu. Pesa zote za tiketi zetu zilikuwa za kununua magongo na viti vya magurudumu vya wodi ya mifupa ya watoto. Watoto wenyewe wangeletwa na basi la hospitali wakae mbele. Ni jambo jema, sikatai. Ila mimi sikuwa nawawaza watoto. Nilikuwa namuwaza mgeni.

Huyo mgeni ni mama mmoja mwenye nywele fupi nyeupe, anafundisha chuo cha vikaragosi nchi nyingine. Alikuwa na nafasi moja ya mwanafunzi, na angeitoa baada ya kututazama. Mwaka mzima, kula na kulala juu yao, na hawaulizi cheti. Hapo kwenye cheti ndipo nilipokosa usingizi. Mimi shule niliiacha njiani, na tangu hapo kila mlango niliogonga uliuliza cheti kabla ya kuuliza jina. Binamu cheti anacho. Sura anayo. Mama anaye pia, huyo huyo shangazi yangu aliyetulea wote wawili, na watu wakija nyumbani anawaambia, "Mwanangu ni msanii." Halafu ananitazama, anaongeza, "Na huyu anamsaidia."

Aliyegawa kazi ni Mwalimu, mama anayeongoza kundi letu. Mshika kichwa anakaa uso wazi, na sauti na mkono wa Babu ni vyake. Mshika miguu anainama nyuma, kavaa nyeusi mwili mzima mpaka kofia ya kitambaa inayoziba uso. Na sheria ni moja, kichwa ndicho kinaanza. Binamu anavuta pumzi, kidevu cha Babu kinainuka, na mimi nikiisikia ile pumzi naondoa mguu. Ukikaa mwezi mzima hivyo, unaijua pumzi ya mtu kuliko anavyoijua mke wake.

Mwalimu akachungulia. "Mnagombana tena?"

"Hapana, Mwalimu."

"Mgeni ameshakaa. Nimemweleza habari zako," akamwambia binamu. Halafu akanigeukia mimi, akanipa sindano. "Kifungo cha koti kimelegea. Kishone, mwanangu."

Nikakaa nikashona. Binamu akaniangalia kidogo.

"Usinune bwana. Nikienda huko nitakuletea kofia nyeusi mpya, yenye matundu ya pua."

Ulikuwa utani tu, ametaniana na mimi hivyo tangu tunagombea kijiko. Lakini kifungo kilipokaa sawa, na mimi nilikuwa nimeshaamua.

Mchezo wenyewe ni mwepesi. Upepo unapeperusha kofia ya Babu mpaka juu ya ngazi ya mbao, vidato vitatu. Babu anapanda kuifuata. Ndiyo hivyo tu. Watu wanacheka anavyojikongoja, anaongea na kofia kama mke aliyenuna, mwisho anaivaa.

Tulipofika kwenye ngazi, binamu akavuta pumzi. Sikuondoa mguu.

Akavuta tena. Nikaikandamiza miguu ya Babu sakafuni kwa mikono yote miwili. Pumzi ya tatu ilikuwa swali. Ndipo akanong'ona bila kutikisa midomo, "Twende."

Sikwenda. Abaki na kichwa chake, nikasema moyoni, tuone kitampeleka wapi. Nilifurahi. Nasema ukweli, nilifurahi mpaka masikio yakapata moto.

Kichwa cha Babu kikainama polepole. Kikaitazama miguu. Kikainuka, kikawatazama watu, kikarudi tena kwenye miguu. Halafu mkono wa Babu ukashika goti, ukajaribu kulivuta, ukashindwa. Watu wachache wakacheka, wakaacha.

"Umeumia wapi?" Ni mtoto wa kike mstari wa mbele, amefungwa plasta nyeupe ya mifupa mpaka kiunoni.

"Goti, mjukuu wangu," Babu akajibu kwa sauti ya binamu. "Limekataa."

"Usilivute. Tunahesabu kwanza. Moja."

"Mbili," akadakia mwenzake.

Wote mstari wa mbele wakaanza, kwa sauti moja, kama wanavyohesabiwa kila asubuhi wodini wakifanyishwa mazoezi. Moja, mbili, tatu, inua. Nikawaona kupitia kitambaa. Magongo yao yamelala sakafuni, shingo zimenyooka, hakuna hata mmoja anayemtazama binamu. Wanatazama miguu. Wananitazama mimi bila kujua.

Nikainua.

Mguu ulikwenda kwa kushtuka-shtuka kwa sababu niliuinua kwa hasira. Kisigino kikagusa kidato, kikateleza, kikarudi. Wakahesabu upya. Kidato cha kwanza. Cha pili. Na kwa mara ya kwanza tangu tuanze, kichwa kilikuwa kinanisubiri mimi. Nikiondoa mguu ndipo nasikia pumzi. Kidato cha tatu watu wazima nao wanahesabu, na Babu alipovaa kofia ukumbi mzima ukasimama, isipokuwa wale wasioweza, ambao walipiga makofi kuliko wote.

Chumba cha nyuma, mgeni aliingia na Mwalimu. Hakumtazama mtu. Aliinama mezani akalikunja goti la Babu, akalikunjua, akalikunja tena.

"Nani aliamua mguu ukatae?"

Mwalimu akafungua mdomo, na macho yake yameshakwenda kwa binamu. Binamu akamuwahi.

"Ni yeye. Babu mwenyewe kamtengeneza yeye. Mimi pale nilifuata tu."

Mgeni akanigeukia. "Ulikuwa unawaza nini?"

"Niliwaza mguu nao una siku yake ya kukataa," nikasema. Uongo huo ulinitoka laini, hata mimi nilishangaa.

Akanishika mkono, akasema nafasi ni yangu, kesho baada ya onyesho la pili nimpe jina langu kamili. Mwalimu akanikumbatia huku anamtazama binamu. Wakatoka.

Tukabaki wawili na Babu. Binamu alikuwa anajifuta shingo na fulana.

"Ulitaka kunizika."

"Ndiyo."

"Mbele ya wale watoto."

"Ndiyo."

Akatikisa kichwa, kama mtu aliyeuliza bei na kuambiwa ile ile aliyoitegemea.

"Sasa mbona umenitaja mimi?" nikamuuliza. "Ungesema ni wewe, Mwalimu angeapa ni kweli. Hakuna ambaye angejua."

"Kwa sababu ile miguu ilikuwa mizuri," akasema. "Ulichotaka ni kingine. Ila ilikuwa mizuri."

Alisema bila mdomo kupinda. Nafasi ninayo mimi, mwaka mzima, na bado nilisimama pale namwonea wivu, safari hii kwa kitu ambacho hakuna chuo kingenifundisha. Mimi nisingelisema neno hilo. Hata kwa kisu shingoni nisingelisema.

"Kesho tuna onyesho, binamu," nikasema. "Tutafanya vile vile?"

"Kesho shika kichwa wewe."

"Na miguu nani atashika?"

Akanyanyua begi lake chini ya meza, akalitundika begani. Akaiokota kofia yangu nyeusi, akaitia ndani ya begi. Akageuka, akaondoka.