Mvua Ambayo Haikunyesha

Kapteni Celestine Awuor hakuwa na mjomba wizarani. Hakuwa na baba wa kumpigia mkubwa fulani simu na kusema, huyo ni mtoto wetu, mwangalieni. Hakuwa na mume wa kushika nyumba mambo yakienda mrama, wala shamba la kurudia. Hakuwa mkongwe kazini pia. Kati ya makapteni wote wa shirika lao la ndege, yeye ndiye aliyepanda cheo mwisho, na wa mwisho kuingia huwa wa kwanza kuonyeshwa mlango. Tangu wiki iliyopita hakuwa na hamu ya chakula. Na juu ya hayo yote, kitu pekee ambacho kingemwokoa, hakuwa na mvua.

Ijumaa ya wiki hiyo iliyopita, ndege ikiwa bado Nairobi, utabiri ulisema ngurumo zingeipiga Kisumu alasiri. Celestine alizaliwa Kisumu. Alijua jinsi wingu la vilima vya Nandi linavyoshuka ghafla likakutana na upepo wa ziwa, na uwanja wa ndege ukapotea machoni kama kitu kilichofunikwa blanketi. Akaagiza mafuta zaidi, ili ikibidi azunguke juu ya ziwa mpaka wingu lipite. Lakini ndege yenyewe ilikuwa ndogo, ya pangaboi, na abiria walikuwa wamejaa. Uzito ukiongezwa hapa, sharti upunguzwe pale. Kilichoshushwa kilikuwa jeneza.

Ndani ya jeneza alilala mwalimu mstaafu wa Bondo, aliyekuwa azikwe kwao Jumamosi asubuhi. Celestine akatia sahihi, akaruka. Kufika Kisumu, mbingu ilikuwa safi, hata kiwingu cha kusingizia hakikuwepo. Jeneza likaletwa kwa gari usiku kucha, likafika Bondo mchana, waombolezaji wakiwa hoi kwa kungoja. Familia ikaandika malalamiko.

Wakati mwingine pengine yangepita. Lakini shirika lilikuwa linabana matumizi. Walianza kwa kuondoa chai ya abiria, wakafunga nusu ya ofisi zao, na sasa zamu ilikuwa ya marubani. Waraka ulisema wazi kwamba kila kapteni anayebeba mafuta ya ziada atajieleza, na maelezo yake yatatazamwa siku ya kuamua nani abaki na nani aende. Celestine akasimamishwa kuruka, akaambiwa aandike barua.

Asubuhi ya kuiandika barua hiyo alikuwa mezani nyumbani kwa mama yake, Kisumu, karatasi mbele yake ikiwa nyeupe, simu ilipolia. Alikuwa Bwana Wechuli, mkuu wa marubani.

"Celestine, mimi si adui yako," alisema. "Andika mistari michache tu. Ulikosea kukadiria, umejifunza, hutarudia. Nitaipeleka juu mwenyewe na jina lako litabaki."

"Na nikisema sikukosea?"

"Mvua ilinyesha?"

"Haikunyesha."

"Basi utawaambia nini? Nataka barua yenye sahihi ya wino, ipande basi la leo. Kesho wanakaa kikao."

Simu ikakatika. Mama yake, Dorca, alikuwa sakafuni akikunja mashati ya mitumba ya kupeleka sokoni Kibuye. Alikuwa amesikia kila neno, maana nyumba ilikuwa ndogo na Wechuli alikuwa na sauti ya mhubiri.

"Andika, mwanangu. Samahani haijawahi kumvunja mtu shingo. Mteja akiniambia shati limetoboka, hata kama amelitoboa mwenyewe, namwambia pole. Kesho anarudi."

"Shati si ndege, Mama."

"Na njaa nayo si ndege, lakini huwa inatua bila kuomba ruhusa."

Celestine akacheka kidogo. Alimfikiria Mathews, aliyesoma naye urubani. Aliachishwa kazi mwaka juzi, na hakuna shirika lililokuwa likiajiri. Leseni ya rubani asiyeruka hupoa kama uji. Sasa Mathews anauza vipuri vya pikipiki Sondu, na watoto wa pale humwita Rubani, wakimwuliza ndege yake ameiegesha wapi.

Akashika kalamu. Akaandika, "Naomba radhi kwa kukosea kukadiria." Mkono ukasimama hapo.

Hodi ikabishwa mlangoni. Aliingia mzee mwembamba mwenye koti jeusi, kofia mkononi. Alisema anaitwa Oketch, ametoka Bondo, na marehemu mwalimu alikuwa kaka yake. Pale Kibuye hakupata taabu kuelekezwa. Kila mtu anamjua mama wa rubani. Alijua mkono ulioandika malalamiko ndio huo ulioshika kofia.

Mzee akawatazama wanawake wawili. "Kapteni ni yupi?"

"Ni mimi, Mzee."

"Nilidhani utakuwa mrefu zaidi. Siku ile pale uwanjani, ukiwa na sare, ulitupita kama mtu mrefu."

Dorca akasogeza kiti. Mzee akakaa, akakataa chai.

"Mzee, pole sana kwa msiba," Celestine alisema. "Yale mafuta..."

"Ngoja. Umesema nini kwanza?"

"Nimesema pole."

"Hilo neno nimelingoja tangu Ijumaa." Akaiweka kofia gotini. "Tulisimama pale na kwaya, gari liko tayari. Abiria wakatoka, mizigo ikatoka, mlango ukafungwa. Hakuna aliyetwambia kitu. Kisha ukatoka wewe, ukatuona na vitambaa vyetu vya matanga, ukainamisha kichwa, ukapita. Mtoto wa hapa hapa. Kwetu hata aliyekosana na marehemu husimama akawapa watu mkono."

"Niliona aibu. Na kazini tunakatazwa kuzungumza na wenye mizigo."

"Kaka yangu alikuwa mzigo?"

Dorca aliacha kukunja mashati.

"Hayo mafuta unayotaka kusema," mzee akaendelea, "yalitumika?"

"Hapana. Niliyaongeza kwa kuhofia mvua, na mvua haikuja."

"Kwa hiyo kaka yangu alibaki kwa ajili ya mvua isiyokuja."

"Ndiyo, Mzee."

"Na ungejua ni mwalimu wetu, mtu wa kwenu?"

Celestine akaitazama ile karatasi, kisha akamtazama mzee. "Ningemwacha. Ndani kulikuwa na watu hai, na nilipokuwa Nairobi sikuweza kujua kwamba mvua haitakuja."

Mzee akaigeuza kofia yake gotini.

"Hilo ningeweza kuwaambia wajane," akasema. "Wangelia, lakini wangelielewa. Mimi malalamiko yangu siyaondoi. Niliandika mmetudharau, na mlitudharau. Lakini habari ya mafuta sikuiandika. Hiyo wameitia wakubwa wako wenyewe, nyathina." Mwanangu, alimwita, kwa lugha ya kwao. Kisha akasimama, akampa mkono, akampa na Dorca, akatoka.

Celestine akaikunja ile karatasi akaitupa. Akachukua nyingine. Aliandika kwamba kwa utabiri ule angeagiza mafuta yale yale leo, na kesho, na siku yoyote atakayokabidhiwa watu. Chini yake akaandika kwamba kosa alilofanya ni kuwapita wafiwa bila kuwapa pole wala kuwaeleza. Kwa hilo anaomba radhi, na adhabu yake ataipokea. Wechuli alitaka samahani. Ilikuwemo, ila si ile aliyoiagiza.

"Watakufukuza?" Dorca aliuliza.

"Huenda, Mama."

Dorca akafunga mzigo wake wa mashati, akakaza fundo. "Basi pitia Kibuye ukitoka huko. Mashati ni mengi leo, mkono mmoja hautoshi."

Ofisi ya vifurushi ya mabasi ilikuwa na foleni fupi, na kila aliyemtangulia alimaliza upesi kuliko Celestine alivyotaka. Juu ya paa la stendi mbingu ilikuwa buluu tupu, kama Ijumaa ile. Celestine akalamba gundi ya bahasha. Ulimi ulikuwa mkavu, ikambidi alambe tena. Akaibana kwa kidole gumba, ukingo wote, mpaka ikashika.

"Nairobi?" karani aliuliza.

"Nairobi."

Karani akaigonga muhuri, akaitupa ndani ya gunia pamoja na nyingine, akafunga mdomo wa gunia kwa kamba.