Makali ya Ylva

Gunhild alimkuta mgeni wake kwenye chumba cha kunolea, ameshika kiatu cha Ylva cha kutelezea. Akashuku hujuma. Mchana ule ilikuwa fainali ya kimataifa ya wanawake ya bandy, mpira wa barafuni, Uswidi na Ufini. Ylva, mjukuu wake, ndiye mpiga kona wa Uswidi. Na huyu Tuulikki, aliyelala kwao wiki nzima kwa kuwa hoteli zilijaa, ndiye golikipa wa Ufini.

"Natazama tu, Bibi," alisema Tuulikki, akikirudisha rafuni. Akasifu makali yale, ila kwa leo aliyaona yamezidi.

Yamezidi! Gunhild alipitisha ukucha kwenye chuma. Yalikuwa vilevile, lakini hakuuamini tena hata ukucha wake.

Kwenye kahawa walitegeana vitendawili kama kila asubuhi.

"Asubuhi jiwe, mchana uji, na sote twalikanyaga," alitega Tuulikki.

"Barafu," Ylva akajibu, mkate mdomoni. "Hicho cha watoto wa chekechea, dada."

Tuulikki hakucheka. Alitazama dirishani, paa lilikokuwa likidondosha maji. Gunhild akaona msichana anakwepa macho tu. Meza ilipotanduliwa alirudi kwenye jiwe la kunolea, akavinoa viatu vya mjukuu upya, vikali kuliko jana.

Uwanjani jua lilipiga. Kona ya kwanza Ylva alikuja kasi, chuma kikazama kwenye barafu laini, akaanguka kifudifudi. Ya pili, vilevile. Mwanaume mmoja nyuma ya Gunhild akauliza kama huyu binti kaja kucheza au kuogelea.

Jiwe, uji. Msichana alikuwa amemwambia yote, na jibu juu yake.

Wakati wa mapumziko Gunhild alishuka na mkoba wake wa ngozi, akachomoa kinoo cha mkono katikati ya soseji na chupa ya kahawa.

"Lete miguu."

"Kuna nini, Bibi?"

"Nimekunolea ujinga wangu." Akayapunguza makali, taratibu.

Kona iliyofuata Ylva alisimama imara, akaachia shuti zito kuliko yote ya siku ile. Tuulikki, mikono bila fimbo kama magolikipa wote wa mchezo huu, akaruka akaudaka mpira. Ufini wakashinda moja bila.

Gunhild alimngoja Tuulikki ukingoni na vikombe viwili.

"Kitendawili."

"Tega, Bibi."

"Anakupa jibu, unamwita adui."

Tuulikki aliwaza. "Nimeshindwa. Nakupa mji."

"Mji siutaki. Ni mimi, nilivyokudhania asubuhi. Kunywa, inapoa."