Mkutano wa Pili wa Mchombe

Usiku ule viboko walipomaliza mpunga wa kijiji cha Mchombe, zamu ya kulinda ilikuwa ya Dionisi. Kesho yake wanaume walikutana mbele ya ghala, wakataka anyang'anywe shamba lake la bondeni, lipewe mtu asiyelala.

Mkutano uliendeshwa na Mwalimu Fridolin. Miezi ile alikuwa akiwasimulia jioni habari za Athene, mji wa Wayunani wa kale, ambako wananchi waliamua mambo yao kwa kunyoosha mikono. Nao wakanyoosha. Dionisi hakuwapo, walisema anaona haya. Shamba likamtoka.

Asubuhi iliyofuata Klementina, mjane aliyelima jirani na Dionisi, alifika kwa mwalimu. Alisema alimsikia Dionisi akipiga debe kuwafukuza viboko, kisha ghafla kimya. Alipopanda dunguni, kwenye jukwaa la kulindia, alimkuta anaweweseka kwa homa. Yeye na Emerensiana, mke wa Dionisi, ndio waliomshusha.

"Mbona jana hukusema?"

"Nani aliniuliza, mwalimu? Mlisema ni mkutano wa wananchi. Sisi tulikuwa tunawapikia wananchi."

Vitabu Fridolin alivyoazima misheni Ifakara havikukubaliana juu ya Athene. Wenye hekima wa kale waliuogopa umati, kwa kuwa ulimnywesha sumu mzee mwenye busara. Wengine, karne nyingi baadaye, waliusifu mji ambao fundi viatu aliweza kusimama akasema mbele ya tajiri. Wa siku hizi waliuliza wanawake na watumwa walikuwa wapi. Fridolin alikuwa hajaamua nani ana haki. Lakini alikumbuka kwamba Waathene waliwahi kuamua kuua wanaume wote wa mji ulioasi, na kesho yake wakajuta, wakakutana upya, wakatuma merikebu ya pili kuiwahi ile ya kwanza iliyobeba amri. Wengi wakapona.

Akaenda kwa mzee Hermenegildi, aliyepoteza mpunga mwingi kuliko wote, akamwomba waitane tena.

"Kete ikishachezwa hairudishwi, mwalimu," alisema mzee. "Leo hivi, kesho vile. Huo ni utawala gani?"

"Heshima yako naitunza, mzee, na wapo wenye elimu waliowalaumu Waathene kama unavyotulaumu. Labda wana haki. Lakini shamba la mtu si kete."

Mchana walikutana, safari hii wanawake wakiwa wameketi kati yao. Wazee wawili waliondoka kwa sababu hiyo. Klementina alisimama akasema aliyoyaona, bila kupamba. Mikono ya kumrudishia Dionisi shamba ilizidi kidogo tu ile ya kumnyima. Mkono wa Hermenegildi ulibaki gotini mara zote mbili.

Fridolin alimkuta Dionisi ameketi mlangoni, amejifunika blanketi juani. Mizigo ilikuwa imefungwa. Walikusudia kwenda Malinyi kwa shemeji yake. Alisikiliza habari mpaka mwisho.

"Ni watu wale wale, mwalimu?"

"Wale wale. Pamoja na wanawake."

"Na wakikasirika tena?"

"Huenda tukakosea tena. Siwezi kukuahidi. Ila hatutaamua tena juu ya mtu ambaye hatujamsikia. Hilo tumekubaliana mkutanoni."

Dionisi akamwambia Emerensiana atoe sufuria mizigoni, wapike. Vilivyobaki aviache vimefungwa.